Daftari la kikoba ndani ya simu: jinsi ya kulifunga lisisomwe na kila mkono

Asubuhi moja pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mama mmoja tunayefanya naye biashara ya dagaa aliniambia, "Katibu, hebu nione huo mzigo wa jana." Nikafungua picha, nikampa simu. Akasogeza kidole: dagaa waliotandazwa mchangani, dagaa kwenye viroba, dagaa karibu kabisa ili uone ukavu. Picha ya nne haikuwa ya dagaa. Ilikuwa skrini ya orodha ya wadaiwa wa kikoba chetu, niliyoipiga usiku ili nimtumie mweka hazina. Shemeji yake alikuwa mstari wa pili, na kiasi pembeni.

Hakusema kitu. Alinirudishia simu, akasema "wazuri," akaanza kuhesabu hela zake. Jioni shemeji mtu akanipigia, na sitarudia alichoniambia.

Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na karibu kila mtu kwenye kikundi alikuwa nyuma kwa marejesho. Orodha ile ilikuwa kitu cha kumvunjia mtu heshima. Na hakuna aliyedukua chochote. Simu niliitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, ikiwa wazi.

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi wa kujitegemea wa jambo hili, na wanakikundi huniletea simu zao. Haya ndiyo ninayowafanyia, kwa mpangilio ninaoufuata. Majina ya menyu yanatofautiana kati ya simu na simu, kwa hiyo usihangaike nikisema neno usilolikuta. Fungua Mipangilio, juu kuna kisanduku cha kutafutia, andika neno lenyewe.

Anza na mlango mkubwa

Watu wengi wakija huniuliza programu ya kuficha vitu. Nawauliza kwanza: simu yenyewe inafungwaje? Nusu yao wanatelezesha kidole tu, inafunguka. Kuweka kufuli chumbani huku mlango wa barazani uko wazi ni kazi bure.

Simu za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 kuja mbele, hata zile za bei ya chini, zinahifadhi data zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka. Ila kinacholinda usimbaji huo mikononi mwa mtu wa kawaida ni PIN yako. Usipoweka PIN, simu inajifungulia yenyewe kwa yeyote aliyeishika. Kwa hiyo:

1. Ingia Mipangilio, kisha Usalama, kisha Kufunga skrini.
2. Chagua PIN, na iwe ya tarakimu 6. Tarakimu 4 zinatoa michanganyiko 10,000. Tarakimu 6 zinatoa 1,000,000.
3. Weka simu ijifunge baada ya sekunde 30 bila kuguswa. Dakika 10 ni muda wa kutosha mtoto kumaliza kusoma meseji zako zote.

Ule mchoro wa nukta tisa siupendi, na sababu yangu ni ya Kigoma hasa. Michoro inayowezekana ni 389,112, si michache. Lakini mtu aliyetoka kupima mawese akichora kwenye kioo, mafuta yanabaki. Inua simu, iinamishe kidogo kuelekea dirishani, utaona mstari mzima kuanzia kona hadi kona. Nimefungua simu ya mwanakikundi mbele yake kwa kusoma mafuta tu. Alicheka, kisha akabadilisha palepale.

Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Namba yako ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kila uliyewahi kumpa nakala ya kitambulisho anaijua, na wengi wetu tuna picha ya kitambulisho hicho ndani ya simu hiyohiyo.

Alama ya kidole ni nzuri, iwashe, inakuokoa usichunguliwe PIN sokoni. Kumbuka tu kwamba kidole cha mtu aliyelala kinafungua vilevile. Ukisafiri na treni kwenda Tabora au Dar es Salaam, usiku unalala fofofo kati ya watu usiowajua. Ukitaka kuwa na uhakika, zima simu na kuiwasha kabla ya kulala: baada ya kuwashwa upya, Android na iPhone zote hudai PIN kwanza, kidole hakikubaliki.

Halafu arifa. Hiki watu hukisahau. Simu imefungwa, imelala mezani, meseji inaingia, na maneno yote yanasomeka juu ya kioo: "Mwambie yule mama rejesho lake bado." Kwenye Mipangilio, upande wa Arifa, tafuta arifa kwenye skrini iliyofungwa, kisha chagua zionekane bila maudhui nyeti. Utaona kwamba kuna ujumbe, hutaona unasemaje.

Kufunga si sawa na kuficha

Sasa tuje kwenye madokezo yenyewe, maana humu ndimo watu wanaweka kila kitu: madeni, PIN ya M-Pesa, namba za akaunti, tarehe za kliniki, hata barua ambazo hawajazituma.

Kwanza jua programu unayoandikia ina kufuli au haina. Google Keep, ambayo iko kwenye simu nyingi, haina kufuli la dokezo moja moja. Ukiweka dokezo kwenye kumbukumbu zake za zamani linaondoka machoni, lakini yeyote atakayetafuta neno "deni" atalipata. Hiyo ni kuficha. Samsung Notes inafunga kweli: fungua dokezo, gusa nukta tatu, chagua kulifunga. Programu ya Notes ya iPhone nayo inafunga, lakini kichwa cha dokezo kinabaki kusomeka kwenye orodha. Dokezo lenye kichwa "Deni la baba mkwe" limeshasema la kusema hata likiwa na kufuli. Mimi huweka vichwa vya kijinga: "Bati", "Mbegu za mahindi".

Ukitumia nywila ya peke yake kwenye Notes ya iPhone kisha ukaisahau, Apple wenyewe hawawezi kukufungulia. Iandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani.

Ukiwa na Tecno, Infinix au itel na programu yako ya madokezo haina kufuli, funga programu nzima. Naeleza chini kidogo.

Sasa yale niliyojifunza kwa aibu:

Ondoa kidirisha cha madokezo kwenye skrini ya mwanzo. Ni kile kiboksi cha njano kinachoonyesha mistari ya kwanza ya dokezo bila kufungua chochote. Kinarahisisha kazi, na kinamrahisishia kila mtu.

Usipige picha ya skrini ya jambo la siri. Picha inakwenda kwenye galari, na galari ndicho kitu cha kwanza unachompa mtu simu akione. Tena galari ya Google ikiwa imewashwa kuhifadhi nakala, picha ile sasa ina ndugu yake mtandaoni. Ukishaipiga, ifute, kisha ingia kwenye pipa la taka uifute tena, maana kwenye Google Photos iliyofutwa huweza kukaa humo hadi siku 60.

PIN za fedha zisikae kwenye dokezo la aina yoyote, limefungwa au halijafungwa. Ukishindwa kuzishika kichwani, kuna programu za kutunza nywila: Bitwarden ni ya bure na inakaa mtandaoni kwa usimbaji, KeePassDX inaweka kila kitu ndani ya faili moja lililosimbwa ndani ya simu yako, bila intaneti. Kwa mtu anayeishi ambako mtandao unakuja na kuondoka, hiyo ya pili inafaa zaidi, ila lile faili lazima uliweke nakala mahali pengine. Simu ikitumbukia ziwani na faili linazama.

Kwa orodha ya kikoba, nimeacha kuandika majina. Kila mwanachama ana namba, na majina yanayolingana na namba hizo yapo kwenye daftari la karatasi ndani ya sanduku la kikundi, lile lenye kufuli tatu. Mtu akiona "14: 180,000" haimwambii kitu. Na jambo hili lina uzito wa kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaona taarifa za watu wengine kama amana. Katibu ameshika siri za watu thelathini, si zake.

Kufunga programu moja moja

Simu nyingi mpya zina kufuli la programu tayari, huhitaji kupakua. Kwenye Tecno na Infinix litafute ndani ya Mipangilio au ndani ya Phone Master, kwa jina la App Lock. Unaweka PIN, unachagua programu: madokezo, galari, WhatsApp, programu ya benki, meseji. PIN hii isiwe sawa na ya simu, kwa sababu mkeo, mumeo au mwanao huenda anaijua ya simu, na hakuna ubaya. Nyumba ina watu.

Samsung nyingi zina Secure Folder, ingawa baadhi ya zile za bei nafuu hazina. Hiyo ni simu ndogo ndani ya simu: unaweza kuwa na galari ya pili, madokezo ya pili, hata WhatsApp ya pili kwa laini nyingine. Android 15 imeleta kitu kinachofanana nayo kiitwacho Private Space, na iPhone zenye iOS 18 zinakuruhusu kubonyeza programu kwa muda, kisha kuchagua idai uso au kidole.

Jihadhari na programu zinazojifanya kikokotoo. Unaijua hiyo: inaonekana kama mashine ya kupigia hesabu, ukiandika namba fulani inafunguka ghala la picha. Kijana mmoja wa Mwanga aliweka humo picha zote za harusi ya dada yake, sijui kwa nini za harusi ziwe siri. Simu ikajaa, akaanza kufuta programu asizozitumia, kikokotoo kikaenda, na picha zikaenda nacho. Nyingi za hizo zinahamisha faili kwenye folda yake na kulibadilisha jina, basi. Anayejua kuzunguka ndani ya simu anazikuta, wewe mwenye mali ndiye unayepoteza. Tena zinaomba ruhusa za ajabu: kamera, meseji, majina ya watu. Kikokotoo kinataka majina ya watu cha nini?

Ukimpa mtu simu

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwa Waswahili kumnyima mtu simu ni sawa na kumwita mwizi. Mtoto anataka katuni, jirani anataka kupiga, mteja anataka kuona picha. Huwezi kukataa kila mara. Unachoweza ni kumpa kipande badala ya simu nzima.

Android ina kitu kinaitwa kubandika programu. Ukikibandika, mtu anabaki ndani ya programu moja. Hawezi kutoka bila PIN yako.

1. Mipangilio, kisha Usalama, kisha tafuta "kubandika programu". Iwashe.
2. Hapohapo kuna swichi ya kudai PIN kabla ya kubandua. Iwashe pia. Bila hiyo mtoto wa miaka sita atatoka, nimejaribu.
3. Fungua programu unayotaka kumpa, kwa mfano YouTube.
4. Fungua orodha ya programu za karibuni, gusa alama ya programu ile juu ya kadi yake, chagua kubandika.

Kwa iPhone, kazi hiyo inafanywa na Guided Access, iliyo ndani ya Accessibility.

Picha hazilindwi na kubandika, kwa sababu galari ni programu moja yenye kila kitu. Kwa wateja, sasa namtumia picha za mzigo kwenye WhatsApp yake aziangalie kwa simu yake. Akiwa hana bando, nashika simu mimi, namwonyesha, nasogeza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kununa.

WhatsApp na kompyuta ya stationery

Gumzo moja linaweza kufungwa peke yake: libonyeze kwa muda, gusa nukta tatu, chagua kulifunga. Linahamia kwenye folda ya magumzo yaliyofungwa, na arifa zake hazionyeshi jina wala maneno. Ukitaka folda yenyewe isionekane, weka msimbo wa siri. Itatokea tu ukiuandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama una kikundi chako peke yako unachotumia kama daftari, kama tunavyofanya wengi, kifunge kwa njia hiyo.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye Akaunti. Ni PIN ya tarakimu 6. Mtu akikudanganya ukamsomea msimbo uliokuja kwa meseji, bado atakwama kwenye PIN hiyo. Na usimsomee mtu msimbo, hata akijiita nani.

Sasa nenda kwenye Vifaa Vilivyounganishwa. Fanya hivyo leo, soma hadi mwisho baadaye. Kama uliwahi kuchapisha barua au kitambulisho stationery kwa kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, huenda hukutoka. Mwalimu mmoja wa hapa alikuta kompyuta imeunganishwa na simu yake kwa wiki mbili. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya, alikuwa hajui. Lakini kila aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa na njia ya kusoma. Gusa jina la kifaa, kiondoe.

Akaunti uliyofunguliwa dukani

Ulipoinunua simu, nani alikufungulia Gmail? Kwa wengi ni yule kijana wa dukani, naye aliweka nywila anayoijua, pengine na namba yake ya kurejeshea. Akaunti hiyo ndiyo inabeba nakala za madokezo, picha na majina yako. Ingia Mipangilio, Google, udhibiti wa akaunti, Usalama. Badilisha nywila, weka namba yako ya simu, ondoa usiyoitambua. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google watakupa misimbo 10 ya akiba. Iandike kwenye karatasi. Siku simu imeibwa ndiyo itakayokuingiza.

Laini na kadi ya memori

Simu inaweza kuwa na PIN ngumu, mwizi akachomoa laini tu na kuiweka kwenye kitochi. Meseji za misimbo zinaanza kuingia kwake. Weka PIN ya laini kwenye Mipangilio ya usalama, lakini kwanza uliza mtandao wako PIN ya mwanzo ni ipi, usibahatishe. Ukikosea mara tatu inadai PUK, yaani msimbo wa kufungulia laini, na PUK ukikosea mara kumi laini inakufa, unabaki na safari ya kwenda kurudishiwa kwa alama za vidole. Ukiwa hapo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040.

Kadi ya memori haifungwi na PIN ya simu. Ikitumika kama hifadhi ya kuchomoa, mtu anaitoa, anaichomeka kwenye simu yake, anasoma. Nyimbo na filamu zikae huko. Vitambulisho na picha za familia ziishi ndani ya simu.

Kwa fundi, mpe bila laini na bila kadi. Kama ni kioo au chaji, hahitaji PIN yako. Kaa hapohapo, afungue wewe umeshika. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha vyako wakati fundi anajaribu. Na wanaopeleka simu kuchajiwa kwenye vibanda vya sola huko vijiji vya mwambao: izime kwanza. Inachaji vilevile, haionyeshi arifa, na inajaa haraka zaidi.

Siku ikipotea

Andaa kabla. Piga *#06#, zitokee namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yako, ziandike kwenye ile karatasi ya misimbo. Hakikisha huduma ya Google ya kutafuta kifaa imewashwa.

Ikishapotea, azima simu ya mtu wa mtandao uleule, piga 100, wafunge laini na akaunti ya fedha. Hilo kwanza, kabla ya kulia. Kisha fungua android.com/find kwenye simu hiyo ya kuazima, kwa dirisha lisilohifadhi kumbukumbu, uifunge yako kwa mbali. Ukiona haitarudi, ifute. Simu ikiwa haina intaneti amri itasubiri hadi iwake mtandaoni. Badilisha nywila ya Gmail. Kisha polisi, na karatasi yako ya IMEI mkononi.

Na wapigie wanakikundi kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Mwezi uliopita simu ya mweka hazina wetu ilidondoka kwenye boti kutoka Kalya. Alinipigia kwa simu ya nahodha, kitu cha kwanza alichosema: "Katibu, laini nimeshafunga. Namba 14 amelipa, niandikie huko kwenye karatasi."